Kupanga Uwezo wa Mtandao wa Pamoja: Funzo la Manchira na Serengeti kwa Visiwa Vyetu

(Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya watumishi wa umma na wakaazi. Yanachapishwa hapa ili yawafikie pia wale ambao hawakupata nafasi ya kuyasikiliza.)

Madhumuni ya mazungumzo haya ni kueleza jambo moja ambalo kila mtu huliona matokeo yake, lakini ni wachache waliopata kuelezwa kiini chake. Mwananchi anafika ofisini kulipa ada. Anaambiwa mtandao uko chini, arejee kesho. Muuguzi anataka kufungua taarifa za mgonjwa, na kurasa hazifunguki. Mwalimu anasubiri matokeo ya mitihani ya wanafunzi wake mpaka saa za usiku. Kila mmoja kati ya hawa hudhani kuwa kompyuta yake ndiyo mbovu, au kuwa kampuni ya simu imemdhulumu. Mara nyingi sababu ni nyengine: njia waliyopewa watumie kwa pamoja haikupimwa kwa idadi yao, wala haikugawanywa kwa utaratibu unaoeleweka.

Suala hili limekuwa zito zaidi kwa sababu huduma za Serikali zimehamia mtandaoni. Tangu mwaka 2017, Serikali ya Muungano ilipoanza kutumia mfumo wa pamoja wa kielektroniki wa malipo ya Serikali, malipo mengi yamekuwa yakihitaji namba maalumu inayotolewa na mfumo huo, na huku Visiwani nako tumefuata mwendo wa namna hiyo. Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Serikali ikishasema kuwa huduma fulani haipatikani ila kwa mtandao, basi mtandao wenyewe umekuwa sehemu ya huduma hiyo, na asiyefikiwa na mtandao amenyimwa huduma.

Kwa ajili ya mazungumzo haya nimechagua mfano wa mahali palipo mbali na bahari, nao ni Manchira, katika Wilaya ya Serengeti, Mkoa wa Mara. Nimepachagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba hapo pana bwawa, na bwawa linafundisha vizuri maana ya uwezo wa pamoja. Ya pili ni kwamba Wilaya ya Serengeti, pamoja na jirani yake Bunda, ilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo za vijijini Tanzania ambako wataalamu walijaribu kujenga mtandao wa kasi unaotumiwa na taasisi nyingi kwa pamoja.

BWAWA NA BOMBA

Bwawa la Manchira ndilo chanzo cha maji cha mji wa Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti. Mtu akisimama ukingoni mwake ataona maji mengi. Hata hivyo, maji yaliyomo bwawani hayamkati kiu mkaazi wa Mugumu mpaka yapite katika chujio, yapandishwe kwenye tangi, yateremke katika bomba kuu, kisha yagawike katika mabomba madogo hadi kwenye kilula cha mtaa au bomba la nyumbani. Sehemu moja ikiwa nyembamba kuliko nyengine, basi sehemu hiyo ndiyo inayoamua ni maji kiasi gani yatafika. Kuongeza ukubwa wa bwawa hakumsaidii mtu ambaye bomba la mtaa wake ni jembamba.

Mtandao wa intaneti una hatua hizo hizo. Nyaya za chini ya bahari ndizo bwawa. Mkongo wa nchi kavu, yaani nyuzi za mwanga zinazopita mikoani, ndio bomba kuu. Njia inayotoka mkongoni hadi makao makuu ya wilaya au shehia ni bomba la mtaa. Mwisho kuna waya wa ofisini au mawimbi ya mnara yanayofika kwenye simu ya mkononi. Kila hatua ina kipimo chake, nacho huhesabiwa kwa megabiti kwa sekunde. Mpango mzuri huzipima hatua zote kwa pamoja, na huanza kutafuta penye wembamba kabla ya kuongeza penye upana.

Lipo jambo moja ambalo bwawa na mtandao hutofautiana. Maji yasiyotumika leo hubaki bwawani kwa kesho. Uwezo wa mtandao usiotumika saa hii umepotea, hauwekwi akiba. Ndiyo maana kununua uwezo mkubwa kwa ajili ya saa moja tu ya msongamano ni hasara, na kununua mdogo mno ni kuwatesa watu katika saa ile ile wanayouhitaji. Kazi ya mpangaji iko baina ya makosa hayo mawili.

MTANDAO WA SERENGETI

Katika muongo wa kwanza wa karne hii, taasisi za Tanzania, zikiwemo Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, zilishirikiana na Chuo Kikuu cha KTH cha Stockholm, kwa msaada wa Sweden, katika mradi wa TEHAMA kwa maendeleo ya vijijini. Sehemu moja ya mradi huo ilikuwa mtandao wa kasi wa Serengeti, katika wilaya za Bunda na Serengeti. Mmoja wa watafiti wake, Amos Nungu, aliandika juu yake tasnifu ya shahada ya uzamivu huko KTH, na baadaye akawa Mkurugenzi Mkuu wa COSTECH.

Mambo matatu ya mradi ule yanafaa kuzingatiwa na kila mtu anayepanga mtandao.

Kwanza, hawakuanza kwa kuchimba. Walitazama kwanza ni miundombinu ipi iliyokwishajengwa kwa kazi nyengine, wakazitumia nyuzi za mwanga zilizokuwepo katika njia ya umeme ya TANESCO. Shirika la umeme huhitaji mawasiliano kwa ajili ya kuendesha mitambo yake, na uzi mmoja wa mwanga unaweza kubeba mawasiliano mengi kupita haja za shirika hilo. Kilichobaki ni makubaliano ya namna ya kutumia ziada.

Pili, walitambua kuwa hakuna taasisi moja ya wilaya inayoweza kuubeba mtandao peke yake. Halmashauri ina haja zake, hospitali na skuli pia, wafanyabiashara kadhalika. Kila moja ikienda kivyake itapata njia ndogo kwa bei kubwa. Zikiungana huweza kumiliki au kukodi njia moja ya maana.

Tatu, waliukabili ukweli wa umeme. Mtandao wa vijijini hufa kwa kukosa umeme mara nyingi kuliko kwa kukatika nyuzi. Hivyo watafiti walishughulikia mashine za kuelekeza mawasiliano, yaani ruta, zinazotumia umeme kidogo sana, ili ziweze kuendeshwa kwa nguvu za jua pale umeme wa gridi unapokosekana. Ofisi nyingi hununua mitambo mikubwa bila ya kuuliza suali hili, kisha mitambo hulala kila umeme unapokatika.

Aidha, waandishi wa mradi ule walitilia mkazo suala la uendelevu: nani atalipa, nani atatengeneza na nani ataamua, baada ya fedha za msaada kwisha. Suali hilo halina jibu la kiufundi. Jibu lake ni la kiutawala, na ndilo linalotuhusu sisi watumishi.

HESABU YA KUGAWANA

Ndugu Watumishi na Wakaazi, naomba sasa tufanye hesabu ndogo. Tarakimu nitakazozitaja ni za mfano tu, lakini njia ya kuzihesabu ndiyo inayotumika katika kazi.

Tuchukue mji mdogo wenye makundi matatu ya watumiaji. La kwanza ni hospitali. Saa nne za asubuhi, wagonjwa wanapokuwa wengi, hospitali inahitaji megabiti 40 kwa sekunde. Usiku inahitaji 8. La pili ni ofisi za Serikali na skuli, ambazo asubuhi zinahitaji 50 na usiku 2. La tatu ni wakaazi majumbani, ambao asubuhi wanatumia 30 na saa tatu za usiku 100.

Kila kundi likinunua njia yake, litalazimika kununua kwa kiwango cha saa yake ya msongamano. Hospitali itanunua 40, ofisi na skuli 50, wakaazi 100. Jumla ni 190. Lakini wakishirikiana katika njia moja, mahitaji ya asubuhi ni 40 na 50 na 30, yaani 120. Na ya usiku ni 8 na 2 na 100, yaani 110. Njia moja ya 120 inatosha kwa wote. Megabiti 70 zimeokolewa bila ya mtu yeyote kupunguziwa haki yake, kwa sababu tu saa zao za haja kubwa hazikuangukia pamoja.

Mpangaji mwangalifu hataishia hapo. Ataongeza robo, ili siku yenye msongamano usio wa kawaida, kama vile siku ya kutangazwa matokeo ya mitihani, isivunje mtandao. Robo ya 120 ni 30, basi atanunua 150. Kisha ataangalia mbele. Iwapo matumizi yatakuwa mara mbili baada ya miaka miwili, atahitaji 300. Hatanunua 300 leo. Lakini atahakikisha kuwa nyuzi na mitambo anayoiweka leo inaweza kufikishwa huko kwa kubadilisha vifaa vya mwisho tu, bila ya kuchimba upya barabara.

Ipo hesabu ya pili, nayo ndiyo chanzo cha malalamiko mengi. Tuseme wale wakaazi ni nyumba 100, na kila nyumba imeuziwa huduma ya megabiti 10. Kwa maandishi, wameuziwa 1,000. Kwa hakika, katika saa ya msongamano nyumba moja katika kila kumi ndiyo inayotumia kwa ukamilifu, hivyo 100 zinatosha, na hakuna aliyedanganywa. Sasa tuseme mtoaji huduma, baada ya kuona mambo ni mazuri, akasajili nyumba 300 juu ya njia ile ile ya 100. Usiku nyumba 30 zitataka 10 kila moja, yaani 300, na zitagawana 100. Kila moja itapata kiasi cha megabiti tatu na kidogo. Mkataba haukubadilika hata herufi moja, lakini huduma imeshuka hadi theluthi.

Kwa hiyo mnunuzi wa huduma, awe ofisi au mkaazi, anayo haki ya kuuliza zaidi ya kasi iliyoandikwa kwenye tangazo. Aulize njia hiyo inagawanywa kwa watu wangapi, na katika saa ya msongamano atabakiwa na kiasi gani. Mtoaji huduma asiyeweza kujibu masuali hayo hajaupima mtandao wake.

MKONGO WA TAIFA NA MINARA

Katika ngazi ya nchi nzima, Tanzania ilianza kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano mwaka 2009 kwa mkopo kutoka China. Hadi kukamilika kwa awamu mbili za mwanzo mwaka 2012, mkongo ulikuwa na urefu wa kilomita 7,560, na lengo lililowekwa baadaye lilikuwa kufikia kilomita 15,000 ifikapo mwaka 2025. Unaendeshwa na Shirika la Mawasiliano Tanzania (TTCL) kwa niaba ya Serikali, na makampuni ya simu hununua humo uwezo kwa jumla, kisha huwauzia wateja wao kwa rejareja. Mkongo huo umefika pia katika mipaka na nchi jirani, kama vile Namanga kwa upande wa Kenya, Mutukula kwa Uganda, Rusumo kwa Rwanda na Tunduma kwa Zambia, hivyo nchi zisizo na bahari zinaweza kupitisha mawasiliano yao katika ardhi yetu.

Huo ni mfano wa kugawana kwa ngazi ya juu: njia ni moja, wauzaji ni wengi. Kampuni tano hazihitaji mitaro mitano kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza.

Pamoja na hayo, mkongo hufika mijini. Baina ya makao makuu ya wilaya na kijiji kama vile vilivyoizunguka Manchira kuna masafa ambayo hayalipi kibiashara. Nyumba zimetawanyika, mifugo ni mingi kuliko simu, na sehemu kubwa ya Wilaya ya Serengeti imo ndani ya hifadhi ya taifa. Kampuni ikipiga hesabu yake ya faida hairidhiki, na haiwezi kulaumiwa kwa hilo. Ndiyo maana sheria ya mwaka 2006 ilianzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao hutoa ruzuku ili kampuni ijenge mahali ambapo isingejenga kwa hiari yake. Tarehe 13 Mei 2023, huko Dodoma, ilitiwa saini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 zenye vijiji 1,407, kwa ruzuku ya shilingi bilioni 126, ikikusudiwa kuwafikia wananchi milioni 8.5.

Mnara, hata hivyo, ni kilula tu. Mnara ulioungwa nyuma yake kwa njia nyembamba utaonyesha alama zote za mawimbi kwenye simu, na bado picha moja ya eksirei haitafika hospitali ya mkoa. Kwa sababu hiyo, mkataba wa ruzuku unaotaja idadi ya minara peke yake haujakamilika. Unapaswa utaje pia uwezo wa njia inayouhudumia kila mnara.

NJIA ZAIDI YA MOJA

Wakaazi wa Unguja hawahitaji kufundishwa hatari ya kutegemea njia moja. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa bila ya umeme kwa karibu mwezi mmoja, na kuanzia Disemba 2009 kilikaa tena gizani kwa kiasi cha miezi mitatu, kwa sababu ya hitilafu katika njia moja ya umeme inayovuka bahari kutoka Tanzania Bara. Pampu za maji zilisimama, hoteli zilifungwa, na biashara ndogo ndogo zilikufa. Waya wa pili wenye uwezo mkubwa zaidi ulizinduliwa mwaka 2013. Pemba nayo iliungwa kutoka Tanga mwaka 2010.

Kwa upande wa intaneti, Tanzania iliunganishwa na waya wa bahari wa SEACOM mwaka 2009, na EASSy ukafuata mwaka 2010. Ilionekana kuwa tumejikinga, kwa kuwa nyaya zilikuwa mbili. Lakini tarehe 12 Mei 2024 zote mbili zilipata hitilafu kwa wakati mmoja katika upande wa kusini, kuelekea Afrika ya Kusini, na mawasiliano yakazorota vibaya hapa nchini na katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Matengenezo yalichukua zaidi ya wiki mbili. Nyaya zilikuwa mbili kwa majina na kwa wamiliki, lakini chini ya bahari zilipita karibu karibu, na lililoupata mmoja liliupata na wa pili.

Funzo lake ni kwamba njia ya akiba huhesabiwa kwa mahali inapopita. Waya wa 2Africa ulioletwa Dar es Salaam mwaka 2023 umeongeza idadi. Wapangaji wanatakiwa waulize pia kama umeongeza upande mwengine wa kutokea. Kwa sisi wa Visiwani suali ni zito maradufu, maana kila tunachopata kutoka nje huvuka bahari mara ya pili kabla ya kutufikia. Tunapotia saini mkataba wa njia ya akiba, ni wajibu wetu kudai ramani. Ikiwa njia zote mbili zinaingia nchi kavu katika ufukwe mmoja na kupita katika shimo moja la barabara, basi tumelipa mara mbili kwa usalama wa mara moja.

NCHI NYENGINE ZILIVYOFANYA

Mji wa Stockholm uliunda mwaka 1994 kampuni ya manispaa iitwayo Stokab, ambayo hulaza nyuzi za mwanga chini ya mji na kuzikodisha kwa kampuni yoyote kwa masharti yaliyo sawa. Kampuni hiyo haiuzi intaneti majumbani, hivyo haina sababu ya kumpendelea mteja mmoja dhidi ya mwengine.

Rwanda ilichukua njia nyengine. Kwa ubia na kampuni ya KT ya Korea ya Kusini uliokubaliwa mwaka 2013, ilijenga mtandao mmoja wa 4G wa nchi nzima, na makampuni ya simu yakatakiwa kununua uwezo humo badala ya kujenga ya kwao. Mawimbi yalienea karibu kila mahali, lakini watumiaji hawakuongezeka kwa kasi iliyotarajiwa, na bei ya jumla ililalamikiwa. Mwaka 2023 makampuni mengine yaliruhusiwa kujenga 4G yao wenyewe. Mexico nayo ilizindua mwaka 2018 mtandao wa pamoja wa jumla. Kampuni iliyouendesha ilielemewa na madeni mwaka 2021, na Serikali ikalazimika kuingilia kati mwaka 2022.

Mifano hii haipingi kugawana. Inaonesha kuwa kugawana bila ya mtu wa kusimamia bei na bila ya mlango wa kulalamikia kunaweza kugeuka kuwa ukiritimba wenye jina zuri. Mwenye bomba kuu asiruhusiwe kupanga bei peke yake, na asiwe muuzaji wa rejareja anayeshindana na wateja wake mwenyewe bila ya kuangaliwa. Kwa kuwa posta na simu ni miongoni mwa mambo ya Muungano, usimamizi huo umo mikononi mwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kwa pande zote mbili, na ofisi zetu zina haki na wajibu wa kuwasilisha huko hoja za Visiwani zikiwa na vipimo na ushahidi.

NANI APITE KWANZA

Hata mpango ukiwa mzuri, zitakuwepo saa ambazo njia itajaa. Hapo ndipo panapojulikana kama mtandao una utaratibu au la. Mtandao usiopangwa humpa zaidi anayevuta zaidi. Kijana anayeangalia mpira atamshinda muuguzi anayetuma kipimo cha damu, na wala hakuna aliyekusudia ubaya.

Mitambo ya kisasa inaweza kuagizwa kutenga sehemu kwa ajili ya kazi maalumu. Katika ule mji wetu wa mfano wenye megabiti 150, tunaweza kuamua kuwa 40 za hospitali haziguswi inapozihitaji, na zinapokuwa wazi usiku wengine wazitumie. Kufanya hivyo kwenye mashine ni kazi fupi. Kuamua nani atangulie ndiko kunakochukua muda, kwa sababu kila mkuu wa idara huamini kuwa kazi yake ndiyo ya dharura. Uamuzi huu usiachiwe fundi wa kompyuta peke yake. Ni uamuzi wa viongozi, uandikwe, utiwe saini, na ubandikwe mahali ambapo wananchi wanaweza kuusoma.

WAJIBU WETU

Kutokana na niliyoyaeleza, napendekeza kwa ofisi zetu mambo yafuatayo:

(a) Kila ofisi ipime matumizi yake halisi kwa saa, kwa muda usiopungua mwezi mmoja, kabla ya kuomba kuongezewa uwezo. Ombi lisilo na vipimo ni kubahatisha kwa fedha za umma.

(b) Ofisi zilizo katika jengo moja au shehia moja zinunue njia kwa pamoja, kupitia utaratibu wa Serikali na taasisi iliyopewa dhamana, ikiwemo Wakala wa Miundombinu ya TEHAMA Zanzibar (ZICTIA).

(c) Barabara yoyote inayojengwa, na mtaro wowote wa maji au umeme unaochimbwa, uwekwe bomba tupu la kupitisha nyuzi. Gharama ya bomba wakati mtaro uko wazi ni ndogo ikilinganishwa na kuuchimba upya.

(d) Mkataba wa huduma utaje kasi ya saa ya msongamano, muda wa kutengeneza hitilafu, na fidia pale ahadi inapovunjwa.

(e) Kila kituo kiwe na umeme wa akiba unaolingana na mitambo yake, na mitambo ichaguliwe kwa kuzingatia umeme inaotumia.

(f) Kila huduma iliyohamishiwa mtandaoni iwe na njia ya pili kwa siku ambayo mtandao haupo, ili mgonjwa asirudishwe na mlipa ada asitozwe adhabu ya kuchelewa kwa kosa lisilo lake.

Kwa upande wa wakaazi, ombi ni kuwa wanapopata huduma dhaifu waandike saa, mahali na kipimo, kisha wafikishe kwa sheha na kwa mtoaji huduma. Malalamiko ya watu ishirini wa shehia moja yenye saa na tarehe humwonesha mpangaji bomba lililo jembamba liko wapi. Malalamiko yasiyo na saa hayamwoneshi kitu.

Ndugu Watumishi na Wakaazi, mkaazi wa Manchira na mkaazi wa Micheweni hawajuani, na pengine hawatakutana. Lakini wote wawili wamo mwishoni mwa bomba moja refu, na mpangaji akikosea juu, wao ndio wa kwanza kukosa. Kipimo cha mpango wowote wa mtandao wa nchi nzima kichukuliwe kwao, katika saa yenye msongamano, na siyo katika chumba cha mitambo mjini wakati wa mapambazuko.